Rimoti moja badala ya nne: Namna ya kuipanga na kinachoikwamisha

Katika sebule nyingi humu nchini, meza iliyo mbele ya kochi hubeba rimoti zisizopungua tatu: ya runinga, ya king'amuzi na ya wufa. Aliye na kisanduku cha kutazamia filamu za mtandaoni huongeza ya nne. Kila moja ina vitufe thelathini au arobaini, vingi vyavyo havijawahi kuguswa tangu siku kifaa kilipotolewa katika katoni, na miongoni mwavyo kimo angalau kimoja ambacho kikibonyezwa kwa bahati mbaya huigeuza skrini kuwa buluu tupu.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Mtu aliwasha runinga, akachagua chaneli, basi. Mkataba wa Geneva wa mwaka wa 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya mwisho ya matangazo ya analojia katika mataifa ya Afrika na Ulaya, na Kenya ilihamia dijitali mwaka huo huo wa 2015. Tangu hapo, isipokuwa kwa wenye runinga zilizoundwa na king'amuzi ndani, kutazama habari kumekuwa kazi ya vyombo viwili vinavyopaswa kuelewana. Wanaoumia zaidi ni wazee. Nyanya aliyeachwa nyumbani peke yake akagusa kitufe kilichoandikwa SOURCE huikosa taarifa ya saa moja jioni, naye hukaa mbele ya skrini ya buluu hadi mjukuu arejee, au hadi fundi aitwe na kulipwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Rimoti ya jumla, yaani moja inayopangwa ili iamuru vyombo vya kampuni mbalimbali, ilibuniwa kuondoa adha hii. Katika maduka ya vifaa vya stima ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ile ya kawaida huuzwa kwa shilingi mia chache. Zenye uwezo wa kujifunza na kukumbuka amri kadhaa kwa mpigo hugharimu zaidi. Hata hivyo, wengi huinunua, wakaipanga jioni moja, na baada ya wiki mbili zile rimoti za awali zikarejea mezani. Aghalabu kosa si la kifaa. Tatizo ni kwamba rimoti ya kawaida husema tu, haisikii. Hutuma amri bila kujua iwapo chombo kimewaka au kimezimika, kiko kwenye soketi ipi, wala iwapo amri yenyewe imefika. Anayelielewa jambo hilo hupanga rimoti ikadumu.

LUGHA YA MWANGAZA

Kampuni ya Zenith ya Chicago, Marekani, ndiyo iliyotangulia katika uwanja huu. Mwaka wa 1950 iliuza rimoti iliyoitwa Lazy Bones, ambayo iliunganishwa na runinga kwa waya uliowakwaa watu miguuni. Mwaka wa 1955 mhandisi wake, Eugene Polley, alibuni Flash-Matic, aina ya tochi iliyomulika vipokezi vilivyowekwa katika pembe nne za skrini. Shida ni kwamba jua lililopenya dirishani lingeweza nalo kubadilisha chaneli. Mwaka uliofuata Robert Adler alileta Space Command, iliyofanya kazi bila betri: vinyundo vidogo viligonga vijiti vya alumini, vikatoa sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la binadamu. Mfumo wa sauti ulidumu kwa muda wa robo karne hivi kabla ya kupisha miale ya infraredi, inayotumika hadi leo.

Miale hiyo ni mwangaza ambao jicho halioni, aghalabu wa urefu wa wimbi wa nanomita 940. Taa ndogo iliyo kwenye pua ya rimoti huuwasha na kuuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde, ili kipokezi cha runinga kiutofautishe na mwangaza wa jua na wa taa za nyumbani. Juu ya mtetemo huo ndipo ujumbe huandikwa kwa vipindi virefu na vifupi, mithili ya simu za upepo za zamani. Katika utaratibu wa kampuni ya NEC ya Japani, ambao umeigwa na watengenezaji wengi, ujumbe huanza kwa mwako wa milisekunde 9 na kimya cha milisekunde 4.5, kisha hufuata biti 32: anwani ya chombo, kinyume chake, amri, na kinyume cha amri. Kinyume huwekwa ili kipokezi kihakikishe kwamba hakikusikia vibaya. Philips walitunga wao utaratibu wa RC-5 wenye biti 14 na mtetemo wa kilohezi 36. Sony nao wakachagua kilohezi 40.

Kwa hivyo, rimoti ya runinga haiwezi kuamuru king'amuzi kwa sababu zinazungumza lugha mbili, wala si kwamba mwangaza ni tofauti. Kifaa chenye kumbukumbu ya kutosha chaweza kuzihifadhi lugha zote. Wazo hilo lilitimia Mei 30, 1985, Philips walipozindua rimoti ya jumla chini ya jina la Magnavox. Mwaka wa 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa yake iliyoitwa CORE kupitia kampuni aliyoiunda ya CL 9. Yake ilijifunza amri kutoka kwa rimoti nyingine na ikaweza kuzituma kwa mfululizo. Iliwafaa mafundi, mnunuzi wa kawaida ilimshinda.

KUIFUNZA RIMOTI

Njia rahisi ya kuipanga rimoti ya jumla ni kutumia orodha ya misimbo, yaani nambari za tarakimu tatu au nne zilizochapishwa katika kijitabu chake. Mtu huwasha runinga, hushikilia kitufe cha kupangia hadi taa iwake, hubonyeza kitufe cha aina ya chombo, kisha huingiza nambari iliyo kando ya jina la kampuni. Majina makubwa kama Samsung, LG na Sony huwa na misimbo kadhaa, nayo hujaribiwa mmoja baada ya mwingine. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuridhika mapema. Runinga ikizimika, mtu husema kazi imekwisha, ilhali msimbo huo waweza kuwa unalingana katika kitufe cha kuzimia tu. Ni busara kujaribu sauti, tarakimu zote, kitufe cha SOURCE na cha kurudi nyuma kabla ya kuhifadhi.

Chombo kisichomo kijitabuni hutafutwa kwa njia ya pili: rimoti hupitia misimbo yote iliyomo kumbukumbuni, ikituma amri ya kuzima kila baada ya sekunde chache, hadi chombo kizimike na mtu aizuie hapo hapo. Kazi hii huhitaji subira na kidole chepesi.

Njia ya tatu ni kujifunza, na kwa mazingira ya Kenya ndiyo iliyo bora zaidi. Wufa nyingi za bei nafuu na ving'amuzi vya matangazo ya bure huuzwa chini ya majina yasiyopatikana katika kijitabu chochote. Rimoti ya awali na ile mpya huwekwa juu ya meza zikitazamana pua kwa pua, umbali wa vidole vitatu hivi, mbali na jua la dirishani na taa kali. Kitufe cha rimoti mpya huteuliwa, kisha kitufe kinacholingana nacho kwenye ile ya awali hubonyezwa. Rimoti zote mbili zinafaa kuwa na betri nzima, kwa kuwa ishara dhaifu hunakiliwa ikiwa na kasoro, nayo kasoro hiyo hubaki.

Kuna mtego mmoja usiotajwa katika vijitabu vingi. Utaratibu wa RC-5 una biti moja inayogeuka kila kitufe kinapobonyezwa upya, ili chombo kijue iwapo mtu amebonyeza mara mbili au ameshikilia tu. Rimoti iliyonakili ishara hiyo bila kuielewa huirudia vile vile kila mara. Matokeo yake ni kwamba chaneli ya 12 hufunguka bila shida ilhali 22 huwa 2 peke yake. Mwenye nyumba hudhani kitufe kimeharibika. Dawa yake ni kutumia msimbo wa kijitabuni kwa chombo hicho badala ya kunakili.

Kabla ya kwenda dukani, yafaa pia kuiangalia vizuri rimoti ya king'amuzi kilichopo. Nyingi zina vitufe vinne au sita vilivyozungushiwa mstari na kuandikwa TV, ambavyo vimeachwa tupu makusudi ili vifunzwe kuwasha runinga, kuongeza sauti na kuchagua soketi. Kwa familia yenye vyombo viwili tu, vitufe hivyo vyatosha kabisa, na havigharimu hata shilingi.

AMRI MOJA, KAZI TANO

Kupunguza idadi ya rimoti mezani si sawa na kurahisisha matumizi. Rimoti moja inayomlazimu mtu kubonyeza TV, kisha kitufe cha kuwasha, kisha STB, kisha cha kuwasha tena, kisha kurudi TV ili achague soketi, imeyahamisha matatizo ya rimoti tatu hadi kwenye moja. Faida ya kweli huja pale kitufe kimoja kinapopangwa kutuma mfululizo mzima: runinga iwake, king'amuzi kiwake, wufa iwake, runinga ihamie HDMI 1, na wufa ipokee sauti ya king'amuzi.

Ni hapo ndipo mambo hukwama. Kitufe chekundu cha rimoti nyingi hakimaanishi "washa" wala "zima". Humaanisha "geuka": kilichozimika kiwake, kilichowaka kizimike. Mkono wa binadamu haupati shida, kwani jicho liko pale kuona matokeo. Mfululizo uliopangwa hauna jicho. Iwapo king'amuzi kilikuwa tayari kimewaka, amri iliyokusudiwa kukiwasha itakizima, na mtazamaji atabaki na runinga iliyowaka, wufa inayonguruma, na skrini ya buluu. Akirudia kubonyeza, runinga na wufa zitazimika na king'amuzi kitawaka. Anaweza kubonyeza hadi usiku wa manane bila vyombo hivyo kukutana.

Stima inayopotea na kurejea hulizidisha tatizo hili. Ving'amuzi vingi hujiwasha vyenyewe stima irudipo, ilhali runinga nyingi hubaki zimelala zikisubiri amri. Vivyo hivyo kwa nyumba ambamo mtu huzima chombo kimoja ukutani usiku ili kupunguza bili. Mfululizo uliopangwa vizuri Jumamosi wakati vyombo vyote vilikuwa vimezimika huharibika Jumatatu baada ya dakika mbili za giza.

Kiyoyozi hakina udhaifu huu. Rimoti yake haitumi "ongeza nyuzi moja" bali hutuma hali nzima kila inapobonyezwa: kiwake, kipoze, nyuzi 24, feni kasi ya pili. Hata amri iliyotangulia ikipotea, inayofuata hurekebisha kila kitu. Watengenezaji wa runinga wangeweza kufanya vivyo hivyo. Walichagua kuokoa kitufe.

Hata hivyo, runinga nyingi huzielewa amri zilizo wazi, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu, japo hazikuwekwa kwenye rimoti zake. Kadhalika hutambua amri ya kwenda HDMI 1 moja kwa moja bila kupitia orodha ya SOURCE. Baadhi ya rimoti za jumla zinazo amri hizo kumbukumbuni, na mnunuzi anayetaka mfululizo unaotegemeka anapaswa kuuliza jambo hilo kabla ya kuuliza rangi.

Zisipopatikana, kuna hila zilizozoeleka. Runinga kadhaa huamka kutoka usingizini kitufe chochote cha tarakimu kikibonyezwa, lakini tarakimu hiyo hiyo haiizimi ikiwa macho. Basi tarakimu hugeuzwa kuwa amri ya kuwasha. Ving'amuzi vingi huamka hivyo hivyo kwa kitufe cha chaneli. Upande wa soketi, runinga ambayo ina kitufe kinachoipeleka moja kwa moja kwenye kipokezi chake cha ndani humpa mpangaji mahali pa kuanzia: hutuma amri hiyo kwanza, kisha SOURCE mara mbili au tatu kulingana na orodha, na popote runinga ilipokuwa, itaishia pale pale.

Muda nao ni sehemu ya mpango. Runinga za kisasa huchukua sekunde kadhaa kabla ya kusikia amri ya pili, na amri inayotumwa wakati huo hupotea. Kwa hivyo runinga huwekwa mwanzo wa mfululizo, wufa na king'amuzi hufuata wakati inapoamka, na amri ya soketi huja mwisho kabisa baada ya kituo cha sekunde chache. Mtumiaji naye lazima aambiwe aielekeze rimoti kwenye vyombo hadi mfululizo uishe. Wengi hubonyeza na kuishusha papo hapo, nusu ya amri zikaishia kwenye zulia.

ILIYOKUMBUKA, NA ILIKOISHIA

Jaribio lililofika mbali zaidi lilitoka Canada, ambako kampuni ndogo ilitoa rimoti ya Harmony mwaka wa 2001. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka wa 2004. Badala ya kupanga vitufe, mwenye Harmony aliorodhesha vyombo vyake kwa tarakilishi, programu ikachukua misimbo kutoka hazina kubwa iliyokuwa mtandaoni, kisha akataja shughuli: kutazama runinga, kutazama filamu, kusikiliza muziki. Rimoti iliweka kumbukumbu ya kila amri iliyotuma, ikajua kwamba king'amuzi tayari kinawaka na hivyo isikiguse wakati wa kuhamia filamu. Kumbukumbu hiyo ilipokosea, kitufe cha usaidizi kilimuuliza mtumiaji maswali ya ndiyo au la: je, runinga imewaka? Je, picha imetokea? Rimoti ilikuwa imekiri kwamba haioni, ikaazima macho ya binadamu.

Mnamo Aprili 2021 Logitech ilitangaza kwamba imeacha kutengeneza rimoti za Harmony, ingawa iliahidi kuendelea kuwahudumia waliokuwa nazo. Tangazo hilo liliwashtua waliokuwa wametumia pesa nyingi, kwani upangaji wote ulitegemea hazina ya kampuni. Anayefikiria kununua Harmony iliyotumika anapaswa kuyapima hayo. Rimoti ya bei nafuu inayohifadhi kila kitu ndani yake haina akili hiyo, lakini pia haitegemei uamuzi wa mtu aliye ng'ambo.

Si kila chombo kinachoweza kuamriwa kwa mwangaza. Fimbo za Fire TV za Amazon, PlayStation 4 na PlayStation 5 hutumia mawimbi ya redio, hazina jicho la kupokea infraredi, na rimoti ya kawaida haizifikii hata ikipangwa na fundi hodari. Runinga mpya nyingi zina rimoti ya redio lakini zimebakisha jicho la infraredi kwa kitufe cha kuwashia. Ili kujua rimoti ni ya aina gani, ielekezwe kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha kitufe kibonyezwe. Pua ikionekana kumulika kwenye skrini ya simu, basi ni infraredi na betri iko hai. Jaribio hilo hilo huokoa pesa ambazo zingetumika kununua rimoti mpya badala ya betri mbili.

Simu yenyewe yaweza kuwa rimoti. Samsung iliweka taa ya infraredi katika Galaxy S4 mwaka wa 2013 na kuiondoa baada ya S6 ya mwaka wa 2015, lakini simu nyingi za Xiaomi bado zinayo pamoja na programu ya kuchagulia misimbo. Ni msaada mzuri wa dharura. Kama suluhisho la familia hauridhishi, kwa sababu simu huondoka na mwenyewe.

Halafu kuna njia ambayo wengi tayari wanayo bila kujua. Waya wa HDMI, uliozinduliwa mwaka wa 2002, hubeba pia mazungumzo kati ya vyombo kupitia utaratibu uitwao CEC. Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink na Sony Bravia Sync, na katika runinga kadhaa huwa umezimwa hadi mwenye chombo auwashe kwenye mipangilio. Ukiwashwa, chombo kilichounganishwa kikiamka chaweza kuiamsha runinga na kuipeleka kwenye soketi yake, na rimoti ya runinga ikaongoza menyu ya chombo hicho. Muhimu zaidi, hapa vyombo huulizana na kujibiana, hivyo lile tatizo la amri ya kugeuza hutoweka. Dosari ni kwamba ving'amuzi vingi vya bei nafuu havikuwekewa uwezo huo, na waliounganisha kwa nyaya za rangi nyekundu, nyeupe na njano hawaupati kabisa. Ni heri kuujaribu kwanza, kisha rimoti ya jumla izibe pengo linalobaki.

Kwa rimoti inayokusudiwa mzee, mafundi wazoefu hupanga vitufe vichache tu na kuviacha vingine tupu: kuwasha, kuzima, sauti, chaneli, na kimoja cha kurejesha kila kitu kwenye king'amuzi endapo skrini itageuka buluu. SOURCE haipangwi kamwe. Rimoti za awali hazitupwi, kwa sababu menyu za kutafuta chaneli upya hazipatikani kwingine. Hufungwa pamoja kwa mpira na kutiwa kabatini. Na kwa kuwa baadhi ya rimoti za bei ya chini husahau kila kitu betri zinapotolewa, nambari zilizofanya kazi huandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha betri.